Kiboko na Majike Yote

Paukwa!
—Pakawa!
Papai bichi?
—Utamu utakuja!
Asiyeitikia leo atakula maganda. Haya.

Palikuwa na shamba la mipapai kwenye kona ya mto. Nyapara wake Kiboko. Kazi ya Kiboko ilikuwa kulala kivulini, kufungua domo na kusema, "Fanyeni kazi!" Kazi ya wengine ilikuwa kazi.

Bi Fuko anachimba, kwaru kwaru. Bi Punda anabeba maji, chubwi chubwi. Bi Kindi anapanda kuangua mapapai, pu! Na Bi Kindi alikuwa na mimba. Jioni Kiboko anagawa: madume papai zima zima, majike maganda.

"Bwana nyapara," akasema Bi Kindi, "maganda hayaleti maziwa. Watoto wangu watanyonya nini?"

"Hiyo ndiyo shida ya jike! Leo linafanya kazi, kesho linazaa. Sitaki. Majike nje!"

"Wote, bwana nyapara?"

"Yote!"

"Umesema yote? Kama unataja miti?"

"Wewe na mti mna tofauti gani? Yote! Hasa yanayozaa! Nikiamka nisikute hata moja!"

"Wenzangu, mmesikia?"

"Tumesikia!"

Kiboko akajilaza, akakoroma, khoroo. Bi Kindi akapita mpapai kwa mpapai: "Huu jike, ondoa. Huu dume, acha. Huu jike, ondoa." Bi Fuko akachimba, kwaru kwaru. Bi Punda akabeba hadi ng'ambo ya mto, chubwi chubwi. Kiboko alipoamka, hakukuta hata mmoja. Si alisema mwenyewe?

Mipapai dume ikachanua. Maua, weee, kama harusini! Kiboko akakaa chini yake, domo wazi. Pwa! Ua likamwangukia ulimini.

"Zaa, we mpapai!"

Pwa! Ua jingine. Mpapai dume hauzai, hata mtoto anajua. Kiboko alijua kula tu.

Tumbo likanguruma, ngurrr. Akavuka mto. Ng'ambo mapapai yamening'inia kama matiti ya mzazi, na Bi Kindi yuko juu, watoto mgongoni.

"Shikamoo, Bi Kindi. Naomba kazi."

"Marahaba. Kazi ipo, ila hapa ni majike tu. Madume mna shamba lenu, nasikia linachanua vizuri."

Kiboko akatazama mapapai. Mate yakamtoka, chururu.

"Mimi… mimi jike."

"Jike?"

"Tena nina mimba. Tumbo si unaliona!"

"Hongera! Ya miezi mingapi?"

"Yote!"

Basi akachimba, akabeba, kutwa nzima. Jioni wenzake wakapasua mapapai. Kiboko yeye, Bi Kindi akamwekea maganda.

"Haya nini?"

"Chakula cha jike, bibi wee. Ni sheria yako. Sisi tuliiacha ng'ambo, naona wewe umekuja nayo."

"Lakini mimi dume!"

"Aa, dume? Basi rudi ukale maua."

Kiboko akatazama ng'ambo. Akatazama maganda. Akala maganda, chwa chwa chwa, na mpaka leo anayala.

Fundisho, wajukuu zangu: jike halifai kazini. Linauliza maswali, linasikiliza majibu, halafu linatii. Hatari tupu! Nyie wavulana mnaocheka, vyombo vipo uani, kavioshe. Dada zenu wamekaa.

Hadithi yangu nimeimenya, nyama mmekula nyie. Maganda mpelekeeni Kiboko.