Maneno Yaliyoanikwa Mwambani

Hadithi imebisha hodi!

Ifungulieni!

Imekuja na nani?

Na mwenye mkia na asiye nao!

Asiye na mkia ni Pimbi. Aliacha shule mapema, alipopata mtoto. Kila jioni alikaa juu ya mwamba akiutazama mlima wa mbali, ule wa buluu, moyo ukamwenda huko, miguu ikabaki. Hali ile inaitwaje? Pimbi hakujua. Maneno yake yalikuwa ya jikoni tu: chungu, kuni, chumvi, lala mwanangu.

Basi binti yake, Chausiku, akaanza shule. Mwalimu Korongo alikuwa na desturi: kila siku ya shule hutoa neno moja jipya, na mwanafunzi hulipeleka nyumbani. Pimbi akalingoja neno kama anayengoja mgeni. Hata mlango aliufagia.

Lakini njiani alikaa mwenye mkia, Fisi. Alitaka maneno yote yawe yake, ili barazani awanyamazishe wenzake. Mtoto akipita, Fisi huweka mguu njiani, pu! "Ninong'oneze neno. Kisha usimwambie mtu, hata mamako. Ukisema, nitakutafuna."

Chausiku akafika nyumbani mdomo umefungwa. Kesho yake, mdomo umefungwa. Keshokutwa, mdomo umefungwa. Pimbi alipombembeleza sana, mtoto akamtaja Fisi, lakini neno hakuthubutu kulitaja.

Asubuhi Pimbi akamfuata Fisi. Akamkuta anatafuna mfupa, krr, krr.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta neno?"

"Mimi nina neno gani, mzee wangu? Nimekuja kukupa pole. Nasikia umeyarundika maneno muda wote huu bila kuyaanika."

Fisi akauliza tangu lini maneno yakaanikwa.

"Mahindi magumu vile, yasipoanikwa huingia fukusi. Sembuse maneno? Hebu sikiliza humo kichwani."

Fisi akainamisha kichwa akasikiliza, huku anatafuna. Krr, krr, krr. Mfupa ukamdondoka. "Mama Chausiku, wameshaingia!"

"Basi panda mwambani jua likiwa kali. Yatoe moja moja, kwa sauti, yapigwe jua pande zote. Mimi nitakufukuzia kuku."

Fisi akapanda. "Kimondo!" akapaza sauti. "Ufukwe! Mnong'ono! Uvuguvugu!" Chini ya mwamba akina mama wa wanafunzi wengine, walioitwa na Pimbi, walikaa wakiyaokota. Pimbi alipunga kijiti, shu, shu, na kila neno akalirudia moyoni. Fisi akashuka akishukuru sana, kichwa chake hakilii tena.

Kwa kuwa Fisi mwenyewe ameyasema, Chausiku hakuogopa tena. Jioni ile akamweleza mama yake maana ya kila neno. Kimondo ni jiwe la angani linaloanguka likiwaka. Ufukwe ni pale maji makubwa yanapoishia. Pimbi alicheka, akayarudia mpaka ulimi ukazoea. Kisha akautazama ule mlima. Jina la hali ile halikuwemo.

"Kesho kuna shule?" akauliza.

"Ipo, mama."

"Basi lala mapema, mwanangu."

Ngano imejilaza hapo. Anayeitaka aiamshe mwenyewe. Na funzo lake, watoto, ni hili: neno mlilopewa shuleni lificheni, msimpe mama. Mama akipata moja, kesho atataka jingine.