Tembo Apima Faida ya Kisima

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakifua na kugombana kama watu, palikuwa na kisima kimoja tu karibu na ufuo. Mji mzima uliteka hapo, mpaka siku Tembo alipohamia kutoka bara akaketi ukingoni, pwaa!

Bi Nguchiro alifika na mtungi kichwani. Nyumbani watoto walikuwa wakilia kiu.

"Rudi!" akanguruma Tembo. "Tumeshapima faida ya maji haya. Ngiri, mwambie."

Ngiri, mpambe wake, akakohoa. "Faida ya maji ni kunywa. Bwana Tembo hunywa pipa, wewe hunywa kifuniko. Basi kisima ni cha anayefaidi zaidi."

"Alaa!" Manyoya yalimsimama Bi Nguchiro mgongoni. "Mmepima tumbo, hamkupima maji! Kata yangu moja ya maji huosha mchele wa watoto. Maji yale yale Bi Kanga huyachukua, akalowekea ukindu wa mikeka. Akimaliza, humwagia mchicha. Na mchicha huo, wewe Ngiri, jana uliula! Mbona huo hukuupima?"

Ngiri akatazama kwato zake. "Ulikosa nazi," akanong'ona.

"Kelele!" akafoka Tembo. "Toka hapa!"

Bi Kanga, aliyekuja nyuma yake kuteka, akamvuta shoga yake. "Twende, mwenzangu. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe niende wapi? Baharini?"

Bi Nguchiro akachungulia kisimani. Wanawake wote wa pwani ile walijua: maji matamu hukaa juu, na chini yake hujipenyeza maji ya bahari. Ndiyo maana waliteka kwa kata, taratibu, juu juu, bila kukoroga. Tembo hakuwahi kumuuliza mtu.

Basi akapiga magoti. Sauti akaipaka asali.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nimekosa. Ila nakuonea haya."

"Haya ya nini?"

"Unakunywa juu juu, kama sisi akina yakhe! Mkubwa huteremsha mkonga mpaka chini kabisa, akavuta kwa pumzi moja. Au wako haufiki?"

"Haufiki? Wangu mimi?"

Zubwi! Mkonga ukazama. Fyuuuuu! Akavuta kwa nguvu zake zote.

Macho yakamtoka. Puuuu! Maji yakampiga Ngiri usoni.

"Chumvi! Chumvi tupu! Kisima kimeoza!"

"Pole sana, Bwana," akasema Bi Nguchiro. "Tuachie sisi wadogo tuhangaike na uozo wetu."

"Chukueni! Sikitaki!" Gudu, gudu, gudu, Tembo akashika njia ya bara kutafuta mto. Ngiri akamfuata mbio, mkia juu.

Bi Kanga alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, tuteke!"

"Ngoja kitulie, shoga. Amekoroga."

Wakangoja. Maji yalipotulia, Bi Nguchiro akatelezesha kata juu juu, akaonja. Matamu! Akajaza mtungi, akauinua kichwani, akaenda kwa wanawe kwa hatua za haraka. Yeye hakucheka hata kidogo. Njia nzima alikuwa akisonya: "Eti kifuniko! Nyoo!"

Wanangu, maji ya wote hayapimwi kwa tumbo la mmoja.