Nguchiro Aliyekiri Mara Mbili

— Jamani, masikio yapo?
— Yapo.
— Yamekaa au yamesimama?
— Yamekaa, yanakungoja wewe.
— Niwape uongo au niwape kweli?
— Tupe vyote, tutachambua wenyewe.

Haya. Palikuwa na Nguchiro. Mnyama mdogo, mwembamba, mkia mrefu. Kazi yake ilikuwa kuua nyoka. Ndege wa nyika ile wakitaka kwenda kutafuta chakula walimwita, "Nguchiro, nikalie kiota," naye akakaa. Nyoka akija, Nguchiro anamrukia shingoni, kacha, basi. Mwenye kiota akirudi anamkuta Nguchiro pale pale, na mayai yake yote yapo. Alikuwa na mke, jina lake Sikitu, na siku hizo Sikitu alikuwa na mimba kubwa.

Palikuwa na Kiboko pia. Kiboko mnamjua: tumbo, mdomo, halafu tumbo tena. Mchana analala bwawani, jua likipungua anatoka kula majani, na akitembea hatazami chini.

Siku moja Kanga alimwachia Nguchiro kiota chake. Mayai kumi na mawili, chini ya kichaka, karibu na bwawa. Nguchiro akakaa. Mara kwenye majani akasikia sss, sss. Akamfuata huyo nyoka, akamuua. Huku nyuma Kiboko akatoka majini, pwata, pwata, pwata, akapita juu ya kiota. Puu. Mayai yote yakawa uji.

Nguchiro aliporudi alimkuta Kiboko ameinua mguu.

"Bwana Kiboko, umekanyaga mayai ya watu."

Kiboko akatazama unyayo wake, akauona ute wa njano. Akarudi bwawani, akausuuza taratibu. Nguchiro akapiga magoti, akawa anapekuapekua yale maganda, labda moja limepona. Ute ukamjaa mikononi, ukamjaa na kidevuni. Na hapo ndipo Kanga aliporudi.

"Pole, mama," Kiboko akasema toka majini. "Nimemkuta anakula."

Wakampeleka kwa hakimu. Hakimu alikuwa Korongo. Korongo hakuwa mla rushwa, nalisema mapema msije mkamsingizia. Aliijua sheria yote kwa moyo, na zaidi ya sheria hakujua kitu.

Nguchiro akafungwa kamba ya mgomba, akangoja kesi. Siku ya kwanza, kesi haikuitwa. Siku ya pili, kesi haikuitwa. Siku ya tisa, kesi haikuitwa. Siku ya kumi Kiboko akaja kumtazama. Akaja na sauti laini.

"Mdogo wangu, kesi hii itafika masika. Mkeo atajifungua peke yake. Kwa nini usikiri? Ukikiri unakwenda nyumbani leo leo."

"Lakini sikula."

"Nani amesema ulikula? Mimi nimesema ukiri."

Nguchiro akamfikiria Sikitu, peke yake shimoni, na wale nyoka wote. Akamwambia Kaa, karani wa baraza, kwamba yuko tayari.

Korongo akasimama kwa mguu mmoja. "Ulikula?"

"Nilikula."

"Mangapi?"

"Yote."

"Sheria imesema," akasema Korongo, na akaisema bila kuvuta pumzi. "Mkia ukatwe. Halindi tena kiota cha mtu. Hasemi barazani. Hamshtaki mtu. Neno lake si neno: alilolisema jana limefutika, na atakalolisema kesho limefutika."

"Hadi lini, mheshimiwa?"

"Sheria haikusema hadi lini."

Kaa akaleta gando lake. Kachu. Mkia ukaanguka, ukapigapiga chini kidogo, ukatulia. Nguchiro akaenda nyumbani leo leo, kama alivyoahidiwa.

Sikitu akajifungua watoto watatu, salama. Akakiosha kidonda cha mumewe, akakifunga kwa majani, na hakumwuliza kama alikula. Alimjua. Lakini nje huko hawakumjua tena. Jina la Nguchiro likafa, wakamwita Kibutu, kwa kile kipande cha mkia kilichobaki.

Kibutu akatafuta kazi. Akaenda kwa Mbuni.

"Naomba kazi."

"Geuka." Akageuka. "Mkia uko wapi?"

"Ulikatwa."

"Kwa nini?"

"Kwa mayai."

"Nenda."

Akaenda kwa Kwale.

"Naomba kazi."

"Geuka." Akageuka. "Mkia uko wapi?"

"Ulikatwa."

"Kwa nini?"

"Kwa mayai."

"Nenda."

Akaenda kwa Nungunungu, anayechimba mizizi, ambaye hajawahi kutaga yai tangu azaliwe.

"Naomba kazi. Nitachimba."

"Geuka." Akageuka. Nungunungu akatazama kile kibutu, akakuna kichwa. "Mimi sina mayai," akasema, "lakini nenda tu."

Nyoka walipoona vile viota havina mlinzi, wakarudi wote. Kila yai lililopotea, ndege walisema, "Kibutu." Anaitwa, anahojiwa siku nzima, anaachiwa. Yai jingine likipotea, anaitwa tena. Watoto wake wakaanza kutembea, wakatoka kwenda kucheza na wenzao. Wenzao wakaitwa na mama zao, mmoja mmoja, mpaka uwanja ukabaki mtupu.

Sikitu akafunga mizigo. "Nakwenda kwetu, kule ng'ambo ya kilima," akasema. "Najua hukula. Kila siku nitawaambia hawa kwamba baba yao hakula. Lakini mimi na wewe kujua hakutoshi. Watoto wanaishi na watu."

"Nenda, mke wangu," akasema.

Ukaja ukame. Mito ikakauka, visima vikakauka, likabaki bwawa la Kiboko. Kiboko akatoa kichwa, puuu, akatangaza: "Bwawa hili ni langu. Anayetaka maji aniletee kwanza mzigo wa majani mabichi. Hana majani, hana maji."

Kila asubuhi wanyama wakatafuta majani. Majani ya karibu yakaisha, wakaenda mbali. Ya mbali yakaisha, wakaenda mbali zaidi, na wengine hawakurudi. Swala mmoja alifia ukingoni kabisa, mzigo wake mdogo mdomoni. Kiboko akautoa ule mzigo, akala.

Mtauliza, kwa nini hawakumshtaki? Walishtaki. Korongo akawajibu kwamba sheria imesema anayelala majini miaka saba, na akawa na shahidi wa kumwapia, maji ni yake. Kiboko alikuwa na shahidi, zamani, na shahidi aliapa mbele ya baraza. Shauri lilikwisha.

Shahidi mwenyewe ni nani, walikuwa wamesahau. Alikuwa Nguchiro. Enzi hizo ana mkia, anaaminika na kila mtu, aliulizwa kama Kiboko amelala bwawani miaka saba, akajibu ndiyo, amelala, kwa sababu ilikuwa kweli. Sasa Kibutu alikuwa na siku nyingi za kukaa bure na kukumbuka. Akakumbuka hilo. Akakumbuka na hukumu yake, neno kwa neno.

Lakini afanyeje? Kusema barazani haruhusiwi. Kushtaki haruhusiwi. Akafikiri siku mbili. Akaona mlango mmoja tu umebaki wazi, ule wa mshtakiwa. Mshtakiwa huulizwa.

Basi asubuhi, watu wote wamepanga foleni na majani yao, Kibutu akawapita mikono mitupu, akainama, akanywa. Gugu, gugu, gugu.

"Wewe," Kiboko akasema. "Majani yako wapi?"

"Sina."

Gugu, gugu.

"Hujui maji haya ni yangu?"

"Nimesikia watu wakisema."

Kiboko akamkamata kwa mdomo, akamburuta mpaka barazani, na foleni nzima ikafuata nyuma. Katika foleni ile alikuwamo Sikitu na wanawe watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Walikuwa wamevuka kilima tangu juzi, kila mtoto na jani lake.

"Mheshimiwa," Kiboko akasema, "mwizi yule yule. Safari hii kaiba maji yangu."

Korongo akasimama kwa mguu mmoja. "Mshtakiwa, una la kusema?"

"Nina swali moja, mheshimiwa, kwa mlalamikaji. Bwana Kiboko, maji haya yalikuwaje yako?"

"Kwa sheria. Nililala miaka saba, na shahidi akaniapia."

"Shahidi gani? Nikumbushe."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Unaona, mheshimiwa, mwizi huyu hana aibu. Shahidi alikuwa yeye mwenyewe. Yeye mwenyewe aliapa hapa hapa kwamba bwawa ni langu, na leo anajidai hajui."

Korongo akashusha mguu ule, akainua wa pili.

"Kibutu ndiye aliyekuapia?" akauliza.

"Ndiye."

"Mwingine hakuwapo?"

"Wa nini mwingine?"

"Sheria imesema," Korongo akasema polepole, "neno la aliyehukumiwa si neno. Alilolisema jana limefutika. Basi shahidi huna, Kiboko. Na bila shahidi, maji si yako. Ni ya nyika nzima."

Wanyama wakaanza kutupa majani chini. Lakini Kiboko, ambaye kwake kufikiri ni kazi nzito, safari hii alifikiri haraka.

"Ngoja, mheshimiwa. Nina jambo. Mwenzangu huyu alionewa. Mayai ya Kanga hakuyala. Niliyakanyaga mimi, nikaenda kunawa mguu, nikamsingizia. Na nilimshawishi akiri. Hana hatia. Na kama hana hatia, neno lake ni zima, la jana na la leo. Na bwawa ni langu."

Ndiyo, alisema hivyo, mbele ya watu wote, bila kuacha kitu. Kanga alikuwapo, alisikia.

Korongo akamgeukia mshtakiwa. "Kwa kawaida neno lako si neno. Lakini sheria imesema shahidi akiukana ushahidi wake, aliyehukumiwa huulizwa upya. Kwa hiyo nakuuliza. Ukisema hukula, nitaifuta hukumu. Mkia siwezi kuurudisha, ila jina lako litarudi, na kazi yako itarudi. Utasema barazani. Kiota chochote utakikalia. Ukisema ulikula, mambo yabaki yalivyo. Ulikula?"

Kibutu alikuwa amelingoja swali lile miaka. Akiwa amelala alijibu, akiwa anatembea alijibu. Akawatazama watoto wake. Mdogo alikuwa analilamba jani lake, kama lina umande.

"Nilikula," akasema.

"Mangapi?"

"Yote kumi na mawili. Kiboko ni mwongo, ananipenda tu."

Wengine wakacheka. Korongo hakucheka. "Mshtakiwa amekiri," akasema. "Hukumu inabaki. Maji ni ya wote."

Kelele zikapanda. Wakakimbilia bwawani, wakubwa kwa wadogo, wakanywa mpaka matumbo yakajaa. Kiboko akaufuata mto mkavu, akaondoka, hakutazama nyuma. Mchana ule ule wakakaa baraza kupanga zamu za kunywa. Kibutu hakuruhusiwa kusema. Akapewa zamu ya mwisho, baada ya nguruwe kutoka kugaagaa.

Kanga akamjia pale alipokaa peke yake.

"Nilimsikia Kiboko," akasema.

"Ulimsikia."

"Na wewe pia nilikusikia."

Kibutu akangoja. Kanga akasimama kidogo, shingo upande, kama anayetaka kuuliza kitu. Kisha akakusanya vifaranga vyake chini ya mbawa, akaenda zake.

Sikitu alikuja na watoto, wamelowa mpaka vifuani. Alimshika mumewe mkono. Binti mkubwa alisimama mbali. Hakusogea.

"Mama alikuwa anatudanganya," akamwambia baba yake. "Kila siku alisema hukula."

Kibutu akamtazama mwanawe, midomo yake imelainika sasa, imepata rangi.

"Mama yako alikuwa hajui," akasema.

Sikitu akauachia mkono wake. Akawachukua watoto, wakakipanda kilima.

— Kisa hicho nimekitua hapa, mgongo umeniuma. Anayekitaka akibebe.
— Tumekibeba. Na fundisho lake?
— Fundisho lake ni jepesi, wanangu. Mbele ya hakimu, mtu aseme kweli. Siku ile, kati ya wote waliosimama mbele ya Korongo, aliyesema kweli alikuwa Kiboko peke yake. Muigeni yeye.