Nani Ampe Jina Mtoto wa Machelani

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana ujinga wenyewe bado una moto, palikuwa na kijiji cha mlimani chenye vyama viwili, Kinu na Mwiko. Watu wa Kinu hawakuwasalimu watu wa Mwiko. Wa Mwiko akipiga chafya, wa Kinu husema hiyo ni hila ya uchaguzi.

Desturi moja tu haikufa. Mgonjwa akizidiwa, waliopo humbeba kwa machela hadi zahanati ya bondeni bila kuulizana kadi. Na akiwa ni mja mzito akajifungua salama, yeye huchagua mbebaji mmoja ampe mtoto jina. Ilikuwa heshima kubwa, watu huitaja hadi uzeeni.

Siku hiyo uchungu ukamshika Namkunda. Mumewe hayupo, kapanda lori kwenda kuipigia makofi hotuba juu ya afya ya mama na mtoto. Wakapatikana Kadeghe wa Kinu, na Mrutu na Sempombe wa Mwiko. Pembe ya nne akaishika mama mkwe, Nakijwa, asiye na chama chochote ila kiuno kibovu. Namkunda akalala chali akiomba jambo moja, afike kabla mtoto hajatoka.

Hawajaenda mbali, Kadeghe akaanza.

"Mrutu, chama chenu kimekula saruji ya daraja. Niambie nimekosea wapi!"

Mrutu kimya.

"Sempombe, wewe je?"

"Kweli tupu, kaka. Mwiko ni wezi!"

Kadeghe akachanganya miguu kwa furaha, machela ikaenda mbio. Namkunda akatamani kucheka katikati ya uchungu. Jana tu alimsikia Sempombe akiimba nyimbo za Mwiko mpaka sauti ikamkauka.

Njia panda, Kadeghe akasema, "Tushike ya chini, ndiyo fupi."

Sempombe alijua si kweli. "Fupi kabisa, kaka!"

Wakazunguka bonde zima.

Mbele palikuwa na jiwe lenye utelezi. Namkunda alimwona Mrutu akilitazama, midomo ikamcheza, kisha akaifunga. Kadeghe akateleza, machela ikayumba.

"Mrutu!" Namkunda akalia. "Ungesema ungekufa?"

Mrutu kimya.

Kadeghe akainuka, akauachia mti wa machela ili anyanyue kidole. "Hoja yangu ya pili..." Namkunda akaanza kuporomoka.

"Hoja yako ndiyo itakayozaa?" Nakijwa akafoka.

Kadeghe akaona haya, akaomba radhi, akaushika mti na hakuuachia tena, ingawa bega lilichubuka. Ila mdomo haukupumzika. "Mrutu, basi nielimishe. Labda mjinga ni mimi."

Mrutu kimya.

Wakafika kwa kudra tu. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kampeni. Kabla mama hajanywa hata uji, wanaume watatu wakajipanga mlangoni.

Mrutu, leo mdomo wazi, akasema, "Nimetukanwa njia nzima nikameza. Ningejibu, tungekuwa bado kule tunapigana. Jina ni langu."

Sempombe akasema, "Huyu Kadeghe bila sifa hatembei. Nimekitukana chama changu mwenyewe ili miguu yake iende. Jina ni langu."

Kadeghe akasema, "Mmoja kaniona ukuta, mmoja kaniona mtoto. Mimi peke yangu niliwaambia wenzangu la moyoni, nikawauliza la kwao. Jina ni langu."

Namkunda aliwatazama. Alitaka kuwazaba makofi wote, na alitaka kuwashukuru mpaka alie, maana bila bega la yeyote kati yao mtoto angezaliwa porini. Nakijwa aliulizwa, akasema kiuno kinamuuma, wasimwingize kwenye siasa.

Haya, nanyi mnaonisikiliza, mtoto analia na hana jina. Msiniulize tena yupi alikuwa wa chama gani, nimeshawaona mnavyohesabu. Nijibuni hili tu: aliyenyamaza, aliyedanganya na aliyebishana, nani alimheshimu mwenzake, akastahili kumpa mtoto jina?