Gauni Lililoshonwa na Mwingine

Kila aliyemjua fundi yule alimwita Chapuchapu, na jina lilimkaa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo chake. Mguu haukutulia kwenye kanyagio la cherehani, wala jicho halikutulia mahali pamoja. Chakula chake kilikuwa chai ya rangi na kipande cha mkate, alichokitafuna wima huku akikata kitambaa. "Tumbo halina macho," alizoea kusema akicheka.

Mwaka huo mdogo wake alichumbiwa. Chapuchapu, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba gauni la harusi lingetoka mikononi mwake, si kwa fundi mwingine yeyote.

Kumbe vidole vilikuwa vimeanza kumsaliti. Alipojichoma sindano, kidonda hakikufunga hata baada ya wiki mbili. Ngozi ilipasuka kama udongo wa kiangazi, na kila akipiga mswaki fizi zilitoa damu. Zilipobaki wiki kumi, shangazi yake, muuguzi wa zahanati, alimpeleka kupimwa kisha akamkalisha chini.

"Mwanangu, mwili hujitengenezea kolajeni, ndiyo inayoshikilia ngozi na kufunga vidonda," alimwambia. "Lakini utaitengeneza kwa chai na mkate? Kula samaki, mayai, maharagwe. Kula machungwa, mapera, pilipili hoho, mboga za majani. Kila siku, bila kuruka."

"Nitapona lini?"

"Nipe wiki saba hivi."

"Wiki saba! Shangazi, unataka bibi harusi avae shuka?"

Alijaribu. Siku ya kwanza alibugia mapera matano kwa mkupuo. Ya pili akajipikia samaki. Kila baada ya muda alivitazama vidole, kama mpishi asiyeacha kufunua chungu. Siku ya tano aliona nyufa ni zilezile, akasukuma sahani kando. Alipekua simu hadi akakuta tangazo la mafuta yaliyoahidi ngozi mpya kwa siku tatu. Hakumwuliza mtu. Karatasi ilisema apake mara moja kwa siku. Yeye alipaka asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya tatu ngozi mpya haikuja. Ile ya zamani ndiyo iliyoondoka. Vidole viliwaka moto, vikavimba, vikachubuka. Akasubiri wiki, akapaka tena mafuta mengine, maji yakazidi unga. Hata hivyo alijilazimisha kushona. Alikaa, akainuka, akazunguka chumba, akakaa tena, mpaka mdogo wake alipokuja kujaribu gauni na kukuta madoa ya damu kifuani pa satini nyeupe.

"Dada, basi," mdogo wake alisema, machozi yakimlengalenga. "Nakupenda kuliko gauni. Tumpe fundi mwingine."

Chapuchapu alilikunja gauni lile taratibu, akamkabidhi.

Siku ya harusi alikaa safu ya mbele, mikono imefungwa bendeji, akisikia wageni wakimmwagia sifa fundi asiyemjua. Hata kifungo kimoja cha mdogo wake hakuweza kukifunga.

Kuanzia kesho yake alikula akiwa ameketi. Hakukuwa na muujiza: yai leo, maharagwe kesho, chungwa kila siku, na moyo uliokuwa ukimwenda mbio akaulazimisha kungoja. Wiki ya saba fizi zilikuwa zimeacha kutoa damu na vidonda vimefunga. Shangazi aliishika mikono ile, akaigeuzageuza.

"Ungevumilia tangu siku ile..."

"Usimalizie, Shangazi. Nimeshapiga hesabu. Ningepona zikiwa zimebaki wiki tatu. Na kwa mkono wangu, gauni lile lilikuwa kazi ya wiki moja."

Wote wawili walikwisha kuona kwa macho yao: mwenye pupa hadiriki kula tamu.