Friji Iliyolia Joto

Apeni kwanza! Semeni, "Wallahi hatusemi." Tena kwa sauti! Maana hii ikimfikia Mama Kiboko, mimi nahama mji.

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama wakiwa na nyumba za bati na umeme ndani, msiniulize aliuvuta nani, Mama Kiboko alinunua friji. Akaiweka sebuleni wageni waione. Akaisukuma mpaka ukutani, ndii! Akaivika kitambaa cha darizi, juu mpaka miguuni, kama bi harusi.

Nyuma yake akahamia Mjusi. Joto zuri, mbu tele. Kwake peponi!

Siku mbili kabla ya harusi ya binti yake, Mama Kiboko akafungua friji. Lo! Barafu imekuwa maji, maziwa yamekatika, nyama ya wageni inalegea.

"Uwiii! Friji yangu imekufa!"

Akaitwa fundi Fisi. Hakugusa hata waya. Kaingiza pua kwenye nyama, nff, nff!

"Mashine imekwisha, mama. Naipeleka kwangu. Hivi hivi na nyama zake. Ukizitoa, inaharibika zaidi."

Mjusi kayasikia yote. Friji ikienda, nyumba yake imekwenda. Na ugonjwa anaujua: huko nyuma zile bomba za kutoa joto zimevaa vumbi kama blanketi. Akachungulia.

"Shikamoo, mama. Ukitoa kitambaa, ukaivuta mbele kidogo..."

"Ebo! Kijiti cha meno wewe, unifundishe friji? Kitambaa changu hakitoki!"

"Hihihi! Fundi Mjusi!" Fisi huyo, kaikumbatia friji, anainua.

Mjusi akarudi nyuma mbio, akabandika mdomo kwenye bati la friji, akanguruma:

"MAMA KIBOKOOO! Nakufa kwa jotooo!"

Mama akakaa chini, puu!

"Na... nani huyo?"

"Friji yako! Umenivika shuka, umenibana ukutani, nihemee wapi? Nichomoe kwenye umeme! Nivue! Nisogeze shubiri nzima! Nifute vumbi mgongoni!"

"Abee! Abee, nakuvua!"

"Na Fisi asiniguse! Kanusa nyama, waya hajaugusa!"

Fisi? Katokea dirishani, kyaa! Kiatu kimoja kakiacha.

Mama akachomoa, akavuta, akafuta. Vumbi ndoo nzima! Akachomeka. Ngrrrr... Kufika jioni chupa za maji zinatoka jasho. Kesho yake nyama ngumu kama jiwe, na harusi watu wakala mpaka wakafungua mikanda.

Mjusi yule! Kimo hana, akili gunia! Mpaka leo Mama Kiboko kila asubuhi anagonga mlango wa friji, "Umeamkaje, baba?" Na nyuma huko kunajibiwa, "Salama, mama. Vumbi umefuta?" Hahaaa! Mbavu zangu!

Usimdharau mdogo, wanangu: yeye anauona mgongo wako, wewe huuoni.

Na msinitaje. Mimi kaniambia Bi Somoe, yule aliyekidarizi kile kitambaa, na hasira hazijamwisha, maana sasa kinatandikwa mezani.