Ndezi Achagua Chombo cha Kumvuta

Wenye masikio mpo?
Tupo, na tumeyasafisha.
Nikianzia majini mtanifuata?
Tutakufuata hadi shingoni.
Na nikizama?
Tutakuvuta, kamba tunayo.
Basi ishikeni vizuri, maana hadithi yenyewe ni ya kamba.

Palikuwa na ziwa, na ziwani palikuwa na mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mnyama mkubwa anaogelea mbele, na huyo ndiye anayeitwa chombo. Amefungwa kamba ya ukindu kiunoni. Mnyama mdogo yuko nyuma, amesimama juu ya ubao, ameshika ncha ya kamba. Chombo kikikata maji, wimbi linainuka nyuma yake na kumfuata. Ubao ukishapanda kwenye wimbi, yule mdogo anaachia kamba. Anaachia kabisa, mikono mitupu, na wimbi lenyewe linamsukuma, anateleza juu yake hadi ng'ambo. Mpaka leo jambo hili linanishangaza: ulikuwa unavutwa, sasa huvutwi, na bado unakwenda.

Aliyeujua mchezo huo kuliko wote alikuwa Ndezi, yule panya mnene wa kwenye matete. Ndezi alikuwa na miguu mitatu na nusu. Nusu iliyobaki iliishia kwenye mtego wa waya akiwa bado mdogo. Nchi kavu alikuwa wa mwisho siku zote: wa mwisho kufika kwenye mihogo, wa mwisho kukimbia mvua. Wenzake walimsubiri huku wakimtazama kwa huruma, na kutazamwa hivyo kila siku kunachosha hata ukiwa panya. Lakini juu ya wimbi hakuna anayehesabu miguu. Hapo tu ndipo Ndezi alipojiona mzima.

Kwa miaka mingi chombo alikuwa Bibi Kiboko, mzito, mpole, asiye na haraka. Mwaka huo magoti yakamshinda, akahamia kwa bintiye huko juu mtoni. Ziwa likabaki tambarare. Wanyama wakakutana ufukweni, wakamwambia Ndezi, "Wewe ndiye unayejua. Tuchagulie chombo kipya."

Ndezi akaanza kujaribu. Akamjaribu Kenge. Kenge ana mbio, fyuu, kafika ng'ambo, lakini nyuma yake hakukubaki kitu cha kupanda. Akamjaribu Nyati. Nyati ana mwili, na wimbi likapanda vizuri, lakini katikati ya ziwa akaona majani mabichi upande wa pili, akakata kona bila kuaga. Ndezi aliokotwa kwenye magugu maji. Akamjaribu na Bata, kwa sababu Bata aliomba sana. Tusimseme Bata.

Kila mtu alikuwa na ushauri. Huyu anasema mbio, yule anasema rangi ya ngozi. Kima, rafiki yake Ndezi, alitaka mwenye meno mazuri ili wageni wakija wapendezwe. Ndezi aliwasikiliza wote kwa adabu. Yeye macho yake hayakuwa kwenye chombo, yalikuwa kwenye maji yanayobaki nyuma ya chombo.

Siku ya nne maji yakafanya bubu, bubu, bubu, na Mamba akatokeza.

"Nasikia mnatafuta chombo," akasema Mamba. "Msihangaike. Chombo ni mimi."

Wanyama wakarudi nyuma hatua moja.

"Na malipo yangu si makubwa. Anayeteleza akifika ng'ambo, salama yake. Akianguka, ni wangu. Mkikataa," akapiga maji kwa mkia, pwaa, "ziwa nimelifunga. Hakuna kunywa, hakuna kuvuka."

Kima akamnong'oneza Ndezi, "Tuhame, ndugu yangu. Leo hii."

"Wewe hama," akasema Ndezi. "Una miguu ya kuhamia."

Asije mtu akawaambia kwamba Ndezi hakuogopa. Aliogopa. Lakini alipofikiria kuishi nchi kavu siku zote zilizobaki, wa mwisho kila mahali, akaona hofu hiyo ni kubwa zaidi. Akamtazama Mamba mgongoni. Mgongo mrefu, bapa, umelala juu ya maji kama ubao wa kufulia.

"Karibu sana, Bwana Mamba," akasema. "Ila desturi yetu lazima uijue. Chombo hakisemi lolote juu ya wimbi lake. Wimbi liko nyuma yake, hakilioni. Anayeteleza ndiye anayesema."

"Utasema," akajibu Mamba. "Nani amekukataza?"

Wakamfunga kamba. Mamba akavuta, shwaaa. Alipita majini bila hata kumwamsha nzi. Ndezi hakuthubutu kuachia kamba, aliing'ang'ania mpaka wakarudi.

"Limefika wapi?" akauliza Mamba.

"Limefika kwenye kucha, Bwana Mamba. Bado kidogo."

"Bado nini?"

"Bado uzito. Wimbi linatoka kwenye uzito. Wimbi likiwa dogo, hakuna atakayepanda ubao. Asipopanda, hataanguka. Asipoanguka, wewe utakula nini?"

Mamba akafikiri. Kufikiri kwa Mamba kunachukua muda, nao wakamsubiri.

"Uzito unapatikana wapi?"

"Si nyinyi wenyewe huwa mnameza mawe mawili matatu? Ongeza."

Na ni kweli, mamba humeza mawe. Hilo sikulitunga mimi.

Mamba akameza jiwe moja, gulu. Akavuta, shwaaa. "Limefika wapi?"

"Kifundoni, Bwana Mamba. Bado kidogo."

Mamba akameza mawe mawili, gulu, gulu. Akavuta, shwaaa. "Limefika wapi?"

"Gotini, Bwana Mamba. Bado kidogo."

Mamba akameza mawe manne, gulu, gulu, gulu, gulu. Akavuta, na safari hii maji yakanguruma. "Limefika wapi?"

"Pajani, Bwana Mamba. Bado kidogo. Na ukimeza, lalia ubavu wa kushoto, mawe yajikusanye huko."

"Kwa nini kushoto?"

"Wimbi linakuwa safi upande huo."

Hakusema uongo. Ila hakusema pia kwamba mguu wake mzima wa nyuma ndio wa kushoto, na kwamba upande huo ndio anaoupenda. Mamba akalalia kushoto, akameza. Akawaza mapaja ya Kima, akameza. Akawaza kizazi chote cha sungura, akameza. Jua lilipokuwa linashuka, ufuko mzima haukuwa na jiwe hata la kusugulia kisigino.

Kesho yake mchana wanyama wote walikuja kutazama. Mamba akavuta. Alikwenda polepole, ameinama upande mmoja, na nyuma yake maji yakainuka, yakainuka tena, yakasimama. Ndezi akapanda ubao kwenye wimbi, akasikia linamshika chini ya nyayo. Akaachia kamba.

Tangu Bibi Kiboko aondoke hakuwa amelipata wimbi la namna hiyo, na hata la Bibi Kiboko halikuwa hivi. Lilimfika kifuani. Ndezi akafurahi mpaka akasahau yuko nyuma ya nani. Akafumba macho kidogo tu, na ule mguu wake wa nusu ukateleza. Chubwi.

Ufukweni Kima akajifunika uso kwa mikono miwili, kisha akachungulia kati ya vidole.

"Ameanguka," akasema Mamba kwa sauti ya mtu aliyesubiri chakula siku mbili. Akageuka. Lakini kugeuka nako kukawa safari. Aligeuza kichwa, akasubiri tumbo lifuate. Tumbo likafuata nusu, likachoka. Alipomfikia Ndezi, Ndezi alikuwa ameshaukumbatia ubao wake na meno yanamgongana.

Mamba akaachama. Ndezi akaona ndani. Mwisho kabisa wa koo, jiwe la kijivu lilikuwa limekaa kama mgonjwa wa kwanza kwenye foleni ya zahanati.

"Bwana Mamba," akasema Ndezi, "utanipitisha wapi?"

Mamba akajaribu kumeza jiwe. Halikushuka. Akajaribu kulitema, khaa, khaa. Halikutoka.

"Nitakutafuna tu," akasema.

"Nitafune. Halafu nitaelea hapa, na kambare watanila mpaka washibe. Utakuwa umewapikia kambare."

Mamba angeweza kuvumilia njaa. Kambare washibe kwa jasho lake, hapana. Akafunga mdomo taratibu.

"Sasa nifanye nini?"

"Lile la juu halitoki. Dawa ni kuvuta kila siku, mawe yashuke. Yakishuka, nafasi itapatikana."

"Yatashuka lini?"

"Bado kidogo," akasema Ndezi.

Basi ikawa hivyo. Kila alasiri Mamba anavuta, wanyama wanateleza kwa zamu, wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena. Mamba anaishi kwa vidagaa vinavyojipenyeza vyenyewe kando ya jiwe. Baada ya mwezi Kima akaja na wazo. "Tutafute mawe mengine matatu makubwa," akamwambia Ndezi. "Tumdanganye ayashindilie. Atazama, na mambo yataisha."

"Na sisi tuteleze nyuma ya nani?" akauliza Ndezi. "Bata?"

Kima akacheka, akaondoka. Lakini Ndezi mwenyewe hakucheka. Alijua hiyo haikuwa sababu yote. Kila siku yeye anapata wimbi zuri kuliko yote aliyowahi kuyapata, na anayelileta ndiye peke yake ziwani asiyeweza kuliona. Jambo hilo lilianza kumsumbua, hasa wakati wa kurudi nyumbani kwenye njia ya matope, mguu na nusu, mguu na nusu.

Ikafika alasiri moja. Wengine walikwishaondoka, na Ndezi alikuwa anafungua kamba. Mamba alikuwa amelala kwenye maji ya kina kifupi, kidevu juu ya tope.

"Ndezi," akasema.

"Mawe bado kidogo, Bwana Mamba."

"Sijauliza mawe. Nauliza wimbi. Likoje?"

Ndezi akaiacha kamba. Katika siku zote hizo Mamba aliuliza limefika wapi, hakuwahi kuuliza likoje. Akafikiria uongo wa kumjibu, hakuuona ulipo.

"Juu ni la kijani," akasema. "Chini ni jeusi. Linanguruma polepole kama mtu anayeota. Ukiachia kamba unadhani utaanguka, halafu huanguki. Na mimi nikiwa pale juu, mguu wangu hauniumi."

Mamba akafikiri. Kufikiri kwa Mamba, nimewaambia, kunachukua muda.

"Na hilo nalifanya mimi?"

"Unalifanya wewe."

"Basi kesho," akasema Mamba, "njoo mapema."

Hapo ndipo kamba yangu ilipoishia. Na funzo la hadithi mmeshaliona wenyewe: usimdanganye mkubwa wako. Ndezi alimdanganya Mamba tangu jiwe la kwanza hadi la mwisho, na tazameni adhabu aliyoipata. Mpaka leo, kila alasiri, bila kupumzika, analazimika kuteleza juu ya wimbi.

Aliyeshika kamba?
Aachie.
Aliyelowa?
Ajianike.
Na mwenye jiwe kooni?
Avumilie, bado kidogo.